Nani Anaupenda Msitu wa Hobbin?

Jumanne, 6 Mei

Siku kubwa! Ukumbi wa kijiji umejaa. Watu hamsini na wawili, bila kuhesabu mbwa. Mara ya mwisho Nether Sallow kujaa namna hii ni pale ulipovuma uvumi kwamba sanduku la posta litapakwa rangi nyingine.

Amekuja Dkt. Folasade Oyelaran kutoka ofisi ya jimbo. Mama mchangamfu, miwani mikubwa, viatu vya matope. Kazi yake ni kupima mapenzi. Si ya mke na mume, hayo yangemchosha. Anapima watu wanavyoyapenda na kuyajali mazingira yao: miti, ndege, wadudu, hata konokono. Kila mtu mzima anapewa karatasi yenye sentensi. “Popote nitazamapo naona uzuri wa asili.” “Najihisi ndugu wa viumbe wengine.” Unajipa alama, moja mpaka saba. Moja maana yake hapana kabisa, saba ni ndiyo kwa moyo wote. Atapita pia kuona vitendo vyetu, na atapokea ushahidi wowote tulio nao. Mwisho kijiji kizima kinapata alama moja, kati ya sifuri na mia.

Sasa utamu. Tukifika sitini, jimbo litautunza Msitu wa Hobbin moja kwa moja. Tusipofika, msitu unakodishwa kwa bwana mmoja atakayeufyeka na kuegesha nyumba arobaini za magurudumu za kukodisha wageni, pamoja na vyoo. Dkt. Oyelaran alisema kwa upole kwamba jimbo haliwezi kutunza msitu ambao wenyewe hawaujali.

Na utamu juu ya utamu! Mtu atakayeonyesha kujali kuliko wote atakuwa Mlinzi wa Heshima wa Hobbin. Jaketi la kijani. Beji ya shaba. Ufunguo wa lango! Nimekuwa katibu wa baraza la kijiji miaka kumi na tisa na sijawahi kukabidhiwa ufunguo wowote. Hata wa choo cha ukumbi anao Humphrey Tuckwell.

Huyu Tuckwell ni jirani yangu wa mkono wa kulia na mwenyekiti wa chama cha bustani. Maboga makubwa, maneno makubwa zaidi. Aliinua mkono kuuliza kama jaketi lipo la watu wenye kifua. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilitazama dari.

Njiani kurudi, mke wangu Glenys alisimama kwenye lango la Hobbin akalishika kwa mikono miwili. Yeye huenda mle kila siku saa kumi na mbili asubuhi na chupa yake ya chai, kunyeshe kusinyeshe, tangu tuoane. Miaka thelathini na minne. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mumewe ana mpango. Akasema wasiwasi wake ndiyo kwanza unaanza.

Jumatano, 7 Mei

Mpango wa kwanza! Rahisi, safi. Watu hawajui kujaza karatasi, wafundishwe. Nimechapa “Mwongozo wa Katibu,” nakala sitini. Ndani yake sentensi moja: andika saba kila mahali. Nikasukuma nakala chini ya milango yote kabla ya watu kunywa chai.

Saa sita mchana nakala arobaini na tatu zilikuwa zimerudi mlangoni kwangu. Kumi na moja zimepigwa pasi kwanza, kwa adabu.

Edith Whibley wa dukani alirudisha yake mwenyewe, ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akaniuliza kama naumwa. Eti yeye, Edith Whibley, ajiandikie saba! Watu watasemaje? Akanikumbusha yaliyompata marehemu kaka yake mwaka themanini na saba, boga lake lilipopewa tisa kati ya kumi kwenye maonyesho. Familia haikuonekana kanisani mwezi mzima kwa aibu ya kusifiwa.

Nikamuuliza amejipa ngapi. Tatu.

Tatu! Mwanamke aliyefunga posta siku kumi na nane kwa sababu ndege alitaga ndani ya sanduku la barua! Kijiji kizima tulitembea mpaka kijiji cha jirani, Over Sallow, kununua stempu! Nikamwambia hayo, akanitazama kwa mshangao. Akasema sasa ulitaka ndege atage wapi, bwana Tapscott? Hayo si mapenzi, hiyo ni adabu tu.

Nikarudi nyumbani nimechemka. Glenys akasema, “Kizuri chajiuza, Norris. Kibaya chajitembeza.” Nikachungulia karatasi yake, akaifunika kwa mkono. Lakini niliona. Kila mahali tatu. Na mbele ya sentensi ya uzuri wa asili ameongeza kwa kalamu: si vibaya.

Ijumaa, 9 Mei

Basi maneno yamewashinda. Nitategemea vitendo, tena vyangu!

Shida ni nyasi. Mwezi huu wa Mei kijiji kizima kimeziacha zikue, kwa ajili ya nyuki. Zangu nilizikata tarehe thelathini Aprili, tarehe mbili Mei, na tena Jumatatu, mara hii kwa mshazari. Siwezi kujizuia. Nyasi ndefu ni uvivu uliosimama wima. Uwanja wangu sasa unaweza kuchezewa biliadi, na Dkt. Oyelaran alipopita aliandika jambo refu kwenye daftari lake.

Lakini kuna kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba! Daktari amegawa masanduku membamba ya plastiki, wazi pande mbili. Katikati unaweka chakula, pembeni wino, chini karatasi. Kalunguyeye akipita kula, anaacha nyayo. Ukiwa na kalunguyeye uani, ni dalili kwamba unatunza mazingira.

Tuckwell amepata nyayo asubuhi ya kwanza! Amezunguka nazo dukani akiwaonyesha watu kama baba aliyepata mapacha. Halafu anasema kwa unyenyekevu wa kuudhi kwamba si kitu, amepita tu.

Na mimi? Paka. Tena paka wa Tuckwell! Namjua kwa ule mguu wake mpana. Amekula chakula chote na kujifutia wino kwenye ngazi yangu.

Hapo wazo likaja, nikiwa namenya viazi vya mchana. Kiazi! Kisu kidogo! Nusu saa tu nikawa na unyayo mzuri wa kalunguyeye, vidole vitano, kucha zake, kila kitu. Nikachovya, nikagonga, nikachovya, nikagonga. Kazi ya ufundi! Nimeona fahari hata mimi mwenyewe. Glenys ameuliza mbona viazi vimepungua. Nimesema kimoja kilikuwa kibovu.

Jumamosi, 10 Mei

Dkt. Oyelaran ameiangalia karatasi yangu muda mrefu sana. Nilijua amevutiwa. Tuckwell alikuwa ameegemea uzio upande wake, anasikiliza huku akijifanya anafunga maharage.

Daktari akauliza, “Mzee Tapscott, mnyama huyu ana miguu mingapi?”

Nikasema minne, kama wenzake.

Akasema ndiyo, lakini yote ya kushoto.

Kisha akaileta karatasi puani akanusa. Akaendelea kunusa. Akasema hajawahi kukutana na kalunguyeye anayenukia chakula cha mchana. Tuckwell alicheka mpaka akashikilia nguzo ya uzio. “Huyo si wa kuhifadhi, Katibu! Huyo mkaange, tia chumvi!” Watu waliokuwa wakipita njiani wakasimama kuuliza kuna nini, naye akawaeleza, mmoja mmoja, bila kuchoka.

Daktari hakukasirika. Alisema tu kwamba ataiweka karatasi hiyo kwenye faili tofauti.

Glenys amesema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata getini. Nikamwambia angalau mimi natumia akili. Akanitazama kichwani. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, kisha akaendelea kufuta vyombo. Upara ni wa ukoo wetu.

Jumatatu, 12 Mei

Balaa! Alama za awali zimebandikwa dirishani dukani. Thelathini na nane!

Dkt. Oyelaran amechanganyikiwa kuliko sisi. Ameniambia amepima miji, vijiji, hata kambi ya wanajeshi, hajaona kama hapa. Jana mvua ilipokuwa inamwagika alikuta watu kumi na mmoja wamesimama barabarani. Bata alikuwa anavusha vifaranga wake. Magari yamesimama, na watu wale wote wameinamisha miavuli yao juu ya bata, wao wenyewe wakilowa. Nikamweleza kwamba bata hahitaji mwavuli. Akasema, “Ndiyo maana nashangaa, mzee.” Alizitafuta karatasi za watu wale kumi na mmoja. Wote wamejipa tatu. Mmoja, ambaye alikuwa amewapigia saluti vifaranga, amejipa mbili.

Akauliza ni nini hasa kinachotusumbua. Nikamwambia hapa kwetu mtu akisema anapenda kitu kwa moyo wote, majirani humletea supu, wakidhani anaumwa.

Alama za mwisho zitatangazwa Jumamosi.

Glenys hakula leo. Aliketi jikoni na koti lake mwilini, kama mtu anayesubiri basi. Nilimuuliza kama anataka biskuti, akatikisa kichwa. Mimi lile jaketi nalitaka, sikatai. Lakini sikupenda kumwona vile. Nilihuzunika kweli, nikazunguka nyumba mara mbili nisijue pa kuweka mikono. Nikaishia kukata nyasi.

Jumanne, 13 Mei

Nimeamka na moto! Sifa haziwasogezi watu hawa. Kinachowasogeza ni wivu. Na hakuna wanachokiona kibaya duniani kama Over Sallow.

Saa sita nikaingia baa ya kijiji. Nikaagiza kinywaji, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Over Sallow wamepimwa pia na wamepata sabini na mbili.

Ghadhabu! Ghadhabu ya kutisha! Mzee mmoja aliweka glasi yake mezani na ikasikika. Edith Whibley, aliyekuwa amefuata chenji, alisema, “Mh.” Sijamsikia akisema “Mh” tangu basi la Alhamisi lilipofutwa. Tuckwell alikunja gazeti lake mara nne. Akasema Over Sallow hawana hata bata, wana sanamu ya bata.

Nikagawa karatasi mpya palepale. Wakajaza huku meno yameumana. Nikaona kalamu zinakandamiza mpaka meza inachubuka. Nikajua tumepona!

Nilizikusanya, nikatoka nje, nikasoma. Tatu na nusu. Tatu na nusu. Nne (labda). Tatu na nusu. Tuckwell: nne, kisha ameikata, kisha tatu na robo tatu.

Dkt. Oyelaran amezipokea. Tumepanda mpaka arobaini na moja. Halafu akaniuliza habari za Over Sallow nimezitoa wapi, maana hajawahi kufika huko. Nilimwambia ni fununu. Akavua miwani. Amesema yeye anaupenda huu msitu baada ya siku saba tu, anatamani kutusaidia, lakini kila akinyoosha mkono anakuta mimi nimesimama katikati. Nadhani alimaanisha kunisifu kwa bidii, ila sauti haikuwa ya sifa.

Alhamisi, 15 Mei

Nakiri hapa, kwa siri: Hobbin inaelekea kupotea. Nimemwona Glenys asubuhi akitoka na chupa mbili za chai badala ya moja, ili akae zaidi. Nikageuza uso.

Ila kama msitu utapotea, basi angalau historia isimwandike Tuckwell kuwa mtu mwema! Na ushahidi ninao. Kwa nini sikukumbuka mapema?

Sanduku la malalamiko! Lipo dukani, pembeni ya stempu. Kila Ijumaa nalifungua, natoa vikaratasi, navipaka gundi kwa nyuma na kuvibandika daftarini. Miaka kumi na tisa. Madaftari kumi na moja. Sijawahi kusoma hata kimoja. Mwenzangu aliyenitangulia kazini alikuwa akivisoma, na akazeeka kabla ya siku zake. Lakini mtu hahitaji kusoma ili ajue. Katika kijiji hiki ni nani wa kulalamikiwa zaidi ya Humphrey Tuckwell? Na paka wake?

Nikayapakia yote kwenye toroli. Nikalisukuma mpaka ukumbini, nikimpita Tuckwell, ambaye aliuliza kama nahamia kwa yule kalunguyeye wa viazi. Nilitabasamu tu. Cheka, bwana, cheka!

Nikamwambia Dkt. Oyelaran: alisema atapokea ushahidi wowote, haya, huu hapa. Humu atamkuta mtu anayeharibu mazingira ya Nether Sallow kuliko wote, ameandikwa na mashahidi, mwaka kwa mwaka.

Akafungua la kwanza kwa uchovu. Akasoma. Akavaa miwani vizuri. Akafungua la pili. Nilimletea keki ya limau, hakuigusa. Saa tisa alasiri alikuwa amefika la tano, na midomo yake ilikuwa inatikisika. Ghafla akanishika mikono yote miwili! Akasema hiki ndicho alichokuwa akikitafuta tangu afike. Akauliza kwa nini sikuileta hazina hii siku ya kwanza. Nikasema nilitaka kumpa Tuckwell nafasi ya kujirekebisha. Hakunielewa, lakini alikuwa anafuta macho.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Ijumaa, 16 Mei

Daktari hajatoka ukumbini. Anahesabu. Amemwomba Edith Whibley amletee kalamu nyekundu na dazeni ya mishumaa yenye manukato, kwa sababu gundi yangu ya mwaka wa pili imeoza.

Nimemwomba Glenys anipime kifua kwa futi ya kushonea. Mtu aliyeleta ushahidi wa namna ile hawezi kusahauliwa. Akanipima, akauliza ni cha nini. Nikamwambia. Kisha akauliza jana nilibeba nini kwenye toroli, maana watu wanasema.

Nikasema madaftari ya malalamiko.

Kikombe kikamponyoka. Akauliza, “Yote kumi na moja?”

Nikasema yote, mke wangu, sikubakisha.

Akakaa kwenye kiti. Akajifunika uso kwa aproni, mabega yakitikisika. Nilishindwa kujua kama analia au anacheka. Nikakata shauri kwamba anajivunia mumewe, nikaokota vigae taratibu nisimharibie.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike yote kabla mkono haujakataa.

Ukumbi umejaa, wengine wamesimama. Nilikaa mbele, nywele zangu zilizobaki nimezichana. Dkt. Oyelaran akapanda jukwaani na madaftari yangu kumi na moja. Akasema kanuni zinamruhusu, pale watu wanapojishusha, kutumia ushahidi wa maandishi yao wenyewe. Akasema tumempa karatasi tukidai hatujali. Lakini katika miaka kumi na tisa tumeandika malalamiko elfu mbili mia tatu kumi na sita, na ukitoa arobaini yanayohusu kengele za kanisa, yaliyobaki yote ni ya miti, ndege, wadudu na maua.

Kisha akaanza kusoma.

“Nani amekata tawi la mwaloni pale kivukoni? Kigogota alikuwa analitumia.”

“Bata wamepewa mkate mweupe tena. Inasikitisha kidogo.”

“Yule bundi hajasikika tangu Jumanne. Si kwamba nafuatilia. Lakini kama kuna mwenye habari zake, niko nyumba ya tatu.”

“Naomba baraza limwambie mwenye mashine asubiri vifaranga watoke. Samahani kwa usumbufu. Hii ni barua yangu ya tisa.”

Alisoma robo saa. Hakuna aliyeinua macho. Watu wazima, wazee wa kanisa, wote wanatazama viatu vyao, masikio mekundu kama nyanya. Wameumbuliwa! Mwanamume mmoja nyuma alipenga kamasi kwa kishindo, nikageuka, alikuwa Tuckwell. Ile ya bundi ilikuwa yake.

Daktari akafunga daftari. Alama ya Nether Sallow: themanini na moja!

Themanini na moja! Hobbin imepona! Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alisema, “Naam.” Halafu mtu akapiga makofi mara moja, akaacha kwa aibu, na mwingine akamsaidia, na mwishowe ukumbi wote ukapiga, na Edith Whibley akamkumbatia mtu ambaye si ndugu yake. Glenys alilia waziwazi, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Mimi pia. Nilipanga kusema ni mafua, lakini hakuna aliyeuliza.

Ndipo daktari akasema kuna jambo moja zaidi. Malalamiko elfu moja mia mbili na manne, yaani zaidi ya nusu, yanamhusu mtu mmoja.

Nikageuka kumtazama Tuckwell. Nilitaka kuona uso wake.

“Katibu amepunguza tena ua wa michongoma, Aprili, viota vimejaa.”

Nikadhani nimesikia vibaya.

“Katibu amesugua ukoga wa kijani kwenye ukuta wa kisima. Ulikuwa na miaka mia mbili.” “Katibu amemwaga dawa kwenye maua ya njano. Nyuki wanazunguka hawajui waende wapi.” “Katibu anakata nyasi. Amezikata jana. Zimekosa nini?”

Mkuki kwa nguruwe! Wote walikuwa wananitazama sasa, tena kwa huruma, jambo baya kuliko kuchekwa. Tuckwell katika miaka yote hiyo amelalamikiwa mara mbili. Moja niliandika mimi, kwamba boga lake linanizibia jua.

Na jaketi? Daktari akasema mia sita na kumi na nane kati ya vikaratasi vile ni vya mwandiko mmoja, vimetiwa saini “Jirani wa Karibu.” Hakuna kiumbe kijijini ambaye jirani huyu hajamtetea, kuanzia mwewe mpaka jongoo. Akaomba, kama yupo, asimame.

Akanyanyua kikaratasi kimoja juu. Niliufahamu mwandiko ule. Ndio unaoniandikia nikanunue siagi.

Glenys akasimama.

Jaketi limemkaa vizuri. Beji pia. Ufunguo ameufunga kwenye kamba na kuutia shingoni, ndani ya nguo.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu. Mimi ni mumewe! Tunakula meza moja!

Hakukasirika. Alivua jaketi, akalitundika, akalinyoosha mabega. Akasema, “Miaka kumi na tano ya kwanza nilikuambia kwa mdomo. Ulipochaguliwa katibu nikafurahi, nikasema sasa nitaandika, kazi yake ni barua, atasoma.” Akanitazama. “Ukazipaka gundi, Norris.”

Jumapili, 18 Mei

Nimeamka mnyonge. Sijaona haja ya kunyoa. Glenys ameshaondoka kwenda Hobbin na ufunguo wake. Amefungua lango kwa wote leo, na kutoka dirishani nimeona nusu ya kijiji ikipita, wakijifanya wanatembeza mbwa. Wengine hawana mbwa. Tuckwell amebeba darubini na kusema kwa kila mtu kwamba ameiokota tu.

Nikakaa na chai yangu. Mchimba shimo huingia mwenyewe, na mimi nimo. Nilianza kufikiri kwa dhati. Labda nina makosa. Labda mtu wa miaka sitini na mitatu anaweza kubadilika, akaiuza mashine ya nyasi, akanunua chupa yake ya chai, akaamka saa kumi na moja na nusu na kumfuata mkewe, akasikiliza. Nilikuwa nimefika hapo hasa. Nilikuwa nimeshika kiatu.

Ndipo hesabu ikanijia!

Kijiji kilipojisemea chenyewe kilipata thelathini na nane. Kilipolalamika kilipata themanini na moja. Na zaidi ya nusu ya malalamiko hayo ni juu ya nani? Juu yangu! Ni nani aliyewafanya majirani waone kwamba ukoga una thamani? Aliyeusugua! Ni nani aliyemfundisha Glenys kuandika barua mia sita na kumi na nane kwa ajili ya jongoo na wenzake? Bila mimi watu hawa wangekaa kimya, na leo pale Hobbin kungekuwa na vyoo! Nilirusha kiatu juu! Nimeuokoa msitu kwa mikono yangu miwili, na mkasi wa michongoma!

Na Dkt. Oyelaran amesema wazi kwamba atarudi kupima tena Mei ijayo. Alama zikishuka, kila kitu kinarudi mezani. Hili si jambo la kumwachia Tuckwell, mtu wa malalamiko mawili katika miaka kumi na tisa. Ni wajibu wangu. Nitaukata ua wa mbele kesho. Kisima nakiangalia kwa jicho jingine. Tukijitahidi, tunafika tisini!

Tayari nimeagiza mashine ya kupeperushia majani makavu. Ile kubwa, ya kubeba mgongoni. Muuzaji ameniapia kwamba inasikika mpaka Over Sallow. Inaletwa Jumatano saa tatu asubuhi. Glenys sijamwambia. Nataka aandike akiwa na hasira mbichi.